Kinara cha Msokoto wa Kushoto

Muyinga, 14 Februari 2023

Kwa mjomba wangu Urbano, Bugendana.

Shikamoo mjomba, na shikamoo yangu nyingine mfikishie mkeo, mama Melania. Huku tunamshukuru Mungu, tupo. Shakila anawasalimu sana. Kadidja, huyu wetu wa tatu, ameanza kutembea, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwenye kopo langu la rangi. Mlango wa mteja ulikuwa wa kijivu, sasa una nyayo za mtoto mpaka kwenye kitasa. Mteja amekasirika, mimi nimecheka, kazi imerudiwa.

Barua hii nampa Eliud wa gari la maharage aiache Mutoyi, uichukue ukienda misani. Akichelewa usimlaumu, mafuta hayapatikani mjini na magari yamelala. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho kwenye simu ya mama Melania ulinijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipokuuliza una miaka mingapi. Nyundo imekula masikio yako mjomba, na mimi nimechoka kupiga kelele mpaka jirani anauliza nagombana na nani.

Sasa lililonileta. Mama hali yake si nzuri. Miguu imevimba, akipanda ngazi mbili za baraza anakaa chini. Daktari anasema ni moyo. Yeye mwenyewe anasema anasikia nyundo. Wiki iliyopita aliniita akaniambia, "Abu, zima hiyo kazi yako, nipumzike kidogo." Mjomba, nilikuwa sifanyi kazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mashine imelala.

Ana maombi mawili. La kwanza, anataka vinara vya mshumaa kama vile babu Ignasi alivyotengenezea kanisa. Mimi naweza kuchomelea geti likasimama miaka ishirini, lakini kufua chuma sijui, hakuna aliyenifundisha. Naomba uniandikie vilitengenezwaje, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtoto.

La pili, anataka kuliona kaburi la baba yake kabla Mungu hajamwita. Kiangazi kikifika, Julai hivi, nitamleta kwa gari. Anasema ni wewe uliyemzika na kwamba uliweka vinara viwili udongoni, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Tafadhali pasafishe pale.

Mpwa wako,
Abubakari


Bugendana, 9 Machi 2023

Mpwa wangu Abubakari,

Marahaba. Barua imefika baada ya wiki tatu ikiwa na harufu ya maharage. Sisi ni wazima. Melania amevuna maharage kidogo, mvua ilitaka kuyaozesha shambani. Ng'ombe amezaa dume, na Melania amenuna kama vile mimi ndiye niliyeamua. Mwambie Kadidja kwamba babu yake amefurahi kusikia anapaka rangi milango, kazi za ukoo wetu zimeanza kumwingia.

Pole kwa ugonjwa wa Lucia. Najua mnamwita Salima, na marehemu baba yako alimpenda kwa jina hilo, lakini mimi nilimbeba mgongoni akiwa Lucia na ulimi wangu umezeeka haujifunzi tena. Mpe dawa zake, asile chumvi.

Umeniuliza jambo la kunifurahisha, kwa hiyo kaa chini usome polepole.

Padri alileta kinara kimoja kilichovunjika mguu. Kilikuwa cha zamani sana, kilifuliwa huko kwao na watu waliokwisha sahaulika. Akamwambia baba, nataka sita kama hiki. Baba alikaa nacho siku mbili akikigeuza tu. Siku ya tatu alisema, "Huyu aliyekifua hakuwa na haraka." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akimpa fundi mwingine.

Chuma alichukua majembe ya zamani yaliyochakaa, yale ya chuma kilichoyeyushwa na babu yake humu humu milimani. Chuma hicho ni laini, kinakubali kusokotwa. Wewe huna, utatumia nondo. Ipige kwanza mpaka iwe na pembe nne, ipoteze zile mbavu zake. Moto wa makaa, si wa mashine yako. Sisi tulikuwa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na mimi ndiye niliyekuwa naipiga.

Shina ni chuma kimoja tu. Juu unakichonga kwa nyundo kiwe na ncha kama mwiba, ndipo mshumaa utakapochomekwa. Chini unakiachia mkia. Katikati unakitia moto mpaka kiwe rangi ya papai bivu, unakibana upande mmoja, unakishika kwa koleo upande wa pili, unasokota. Usivute, usisukume, sokota tu, pumzi moja. Ukisita, kitapinda.

Kisahani cha kupokea nta unakiponda juu ya gogo lenye shimo, kisha unakitoboa na kukivisha kwenye ncha. Miguu ni mitatu, ncha zake zimekunjwa kama pembe za mbuzi. Mkia wa shina unapita katikati yao, unageuza kinara kichwa chini, unaupiga mkia ukiwa mwekundu mpaka utandazike na kushika vyote. Hakuna pa kuchomelea. Ukichomelea nitajua, hata nikiwa huku. Mwisho kikiwa bado na moto wa kuunguza kidole, unakipaka nta ya nyuki. Kinakuwa cheusi na kutu haikisogelei miaka na miaka.

Vile vinne viko hadi leo juu ya altare ya kanisa letu la mlimani, na mimi ndiye ninayeviwasha Jumapili. Havijatikisika mguu.

Msalimu Shakila. Mwambie Lucia anywe dawa.

Mjomba wako,
Urbano


Muyinga, 11 Aprili 2023

Mjomba, shikamoo.

Tuko kwenye mfungo, kwa hiyo nakuandikia nikiwa na njaa, na mwenye njaa hasemi uongo. Shakila mzima, watoto wazima. Mafuta bado shida. Mama hajafunga, daktari amemkataza, naye ananung'unika kama mtu aliyenyimwa karamu.

Nimetengeneza. Vitatu vya kwanza ni vya kuchekesha. Cha kwanza kilipinda, kweli nilisita. Cha pili kilikatika kwenye koleo. Cha tatu kilisimama kama mlevi anayejitetea kwa polisi. Lakini cha nne na cha tano, mjomba! Nilivipaka nta nikavikalisha mezani nikavitazama mpaka chai ikapoa. Miaka yote nimekuwa naunganisha vyuma vya watu wengine. Mara hii nilikibadilisha chuma chenyewe. Nilitamani babu anione, naandika hivi bila aibu.

Nikampelekea mama. Alivishika, akavipapasa kwa dole gumba kutoka chini hadi juu, akafumba macho. Kisha akanirudishia. "Ni vizuri, Abu. Lakini hii si ya baba. Iko na kitu kimoja hakiko sawa." Nikamuuliza kitu gani. "Mi sijui. Nilikuwa mtoto. Lakini mkono unajua." Nimekosea wapi mjomba? Nimefuata kila neno lako.

Halafu hukunijibu kuhusu kaburi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani karatasi imepotea. Mama anauliza kila siku. Anasema alikuwa na miaka sita, wewe kumi na miwili, na kesho yake mkaanza kutembea kwenda Tanzania na majirani. Anakumbuka ulimshika mkono ukamwonyesha udongo mbichi nyuma ya kiwanda cha uhunzi cha babu. Anasema bila udongo ule asingenyanyua mguu. Miaka yote ya kambini alikuwa akilala amegeukia huku mnakokaa.

Kama kupasafisha ni kazi nzito, nitakuja mimi mapema, Juni, nilime majani. Nijibu hili kwanza, mengine baadaye.

Abubakari


Bugendana, 6 Mei 2023

Mpwa wangu,

Salamu. Tuko wazima. Mvua imekata mapema.

Kuhusu vinara, mkono wako bado haujazoea. Ukifua ishirini utapata kimoja. Lucia alikuwa mdogo, asikusumbue na mambo ya dole gumba.

Kuhusu Juni, usije. Barabara ya kupandia kwetu imekatwa na mvua. Pale nyuma ya kiwanda Melania amepanda mihogo, na sitaki mihogo ya watu ikanyagwe.

Na kwa kuwa unajiita mjukuu wa mhunzi, ujue mwiko wa wahunzi, maana naona hakuna aliyekuambia. Chuma kilichozikwa na mtu hakiguswi, na mahali kilipo hapalimwi, hapafagiliwi, hapasogelewi na watu wengi. Atakayekichimbua ataingiza mauti nyumbani kwake kabla msimu haujaisha. Nimekuambia. Mwambie na mama yako kwamba safari hiyo si ya mtu mwenye ugonjwa wa moyo, amwombee baba yake hapo alipo. Mungu anasikia hata Muyinga.

Urbano


Bugendana, 2 Julai 2023

Mpwa wangu Abubakari,

Nakusalimu wewe, Shakila, watoto na mama yenu. Ni karibu miezi miwili sijapata neno lako. Nimemngoja Eliud Mutoyi Jumapili tatu, akipita ananipungia mkono tu. Kama barua yangu ya Mei ilikuumiza, niliiandika nikiwa na hasira zangu ambazo si zako.

Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea. Jumapili iliyopita tulipotoka misani Melania alikwenda kuchimba muhogo wa chakula cha mchana. Akarudi mikono mitupu. Mashina tisa yameng'olewa na kulazwa pembeni kwa mpangilio, kama mtu anavyotandika kuni. Udongo umechimbwa, kisha umerudishwa na kushindiliwa kwa miguu. Jirani anasema aliona pikipiki ngeni ikipanda kutoka Mutoyi wakati kengele ya kwanza inapigwa.

Melania anasema ni wezi wa mihogo. Mwizi gani anaacha mihogo?

Nilikwenda pale nikasimama. Sikuchimba. Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Jana nilipomwambia Melania nasikia nyundo alinitazama tu, maana anajua mimi sisikii hata radi. Ndipo nikakumbuka ulichoniandikia kuhusu mama yako.

Nijibu jambo moja tu kwa upesi. Nyumbani kwako wote ni wazima?

Urbano


Muyinga, 12 Julai 2023

Mjomba, shikamoo.

Wote ni wazima, mpaka leo. Mama bado anapumua, ingawa sasa analala ameegemea mito, hawezi kulala chali.

Ni mimi.

Sina namna ya kulipamba. Nilivitengeneza vinara hadi cha kumi na moja, na kila mara alivipapasa akanirudishia. Kisha akaacha kula. Akaniambia, "Kama mi siwezi kufika kwa baba, nileteeni hata kitu moja alishika." Wewe ulikuwa umeshanifungia mlango. Nikakodi pikipiki, nikachagua Jumapili nikijua saa hiyo uko altareni unawasha vile vinne. Yule kijana wa pikipiki alinishusha njiani. "Boss, mi sipandi huko, essence iko kidogo." Nikamwachia mafuta yake, nikapanda kwa miguu na jembe begani kama mkulima. Nilipita mbele ya nyumba yako, nikaona kanzu yangu ya zamani niliyokupa ikikauka kwenye kamba. Nikapita bila kubisha hodi. Aibu hiyo nitaibeba mwenyewe.

Nilivipata. Vyote viwili, vimefungwa kwenye ngozi iliyooza, urefu wa mtu kati yao. Kutu kidogo tu, nta ya babu imefanya kazi yake. Nilivifuta kwa shati nikaona nilichokosea, maana uliniambia yote isipokuwa hilo. Kimoja kimesokotwa kulia, kingine kushoto. Ukivisimamisha pamoja vinatazamana, kama watu wanaosalimiana. Mimi vyote nilivisokota kulia. Mama alikuwa sahihi. Ulipolisoma lile neno lake mwezi wa nne ulijua anasema nini, na ukaniambia mkono wangu haujazoea.

Lakini si hilo linaloniamsha.

Mjomba, nilitaka kumwombea babu, nikaona nichimbe kidogo katikati nijue kichwa kimeelekea wapi. Nikachimba. Hakuna kitu. Si mfupa, si kifungo cha shati, si rozari. Nikadhani bado, nikaenda chini mpaka kifuani. Nimechimba misingi mingi ya mageti, udongo uliowahi kuguswa naujua, unakuja kwa vipande vipande, una weusi ndani yake. Ule ulikuwa mwekundu, umeshikana kama jiwe. Hajawahi kulazwa mtu pale tangu dunia iumbwe.

Kile cha kulia nilikirudisha. Cha kushoto nilimletea mama. Aliposhika tu msokoto alianza kulia, akasema, "Eh, huyu sasa ndiye." Kisha akaniuliza, "We umekuta baba namna gani? Iko mzima?"

Nilisema ndiyo. Nilisema mifupa yote ipo, amelala vizuri, ameelekea mlimani. Ulimi ulisema wenyewe, mjomba, kabla sijauzuia. Tangu siku hiyo anakula. Ananitazama kwa furaha ambayo siwezi kuikalia mbele.

Babu yuko wapi?

Abubakari


Bugendana, 20 Julai 2023

Mwanangu Abubakari,

Sina salamu leo. Melania nimemtuma sokoni ili niandike.

Kwanza, ule mwiko wa chuma kilichozikwa niliutunga mimi. Niliutunga mezani siku ile ile, uji ukiwa mbele yangu, ili nikuogopeshe. Baba hakuwahi kusema neno kama hilo. Kwa hiyo usiuogope.

Sasa sikiliza. Sabini na mbili, mwezi wa tano. Wanaume walikuwa wanachukuliwa kwa orodha ya majina, wala hawarudi. Mama yetu alikuwa ameshafariki, tuko watoto wawili na baba. Vinara vinne vilikuwa vimekwenda kanisani, viwili bado. Baba alihamisha fuawe akaipeleka bondeni, ndani ya migomba karibu na maji, akafanya moto mdogo. Aliniambia, "Akija mtu yeyote, mimi sipo." Nilielewa vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mjinga.

Siku hiyo asubuhi tulimaliza kile cha kulia. Cha kushoto alinipa mimi nisokote. Ndicho chuma cha kwanza nilichowahi kusokota. Alinishika mabega kwa nyuma, nikasokota pumzi moja, kikakubali. Alinipa nikipeleke juu nyumbani nikipake nta. Kilikuwa bado cha moto, nimekishika kwa jani la mgomba.

Njiani nikakutana na wanaume wanne. Walikuwa wasafi, mmoja ana karatasi. Hawakuniuliza baba yuko wapi. Walitazama nilichoshika, wakasema, "Ehe, ndivyo hivyo! Padri ametutuma tuchukue vinara vyake. Nani amefua kitu kizuri hivi?"

Abubakari, nilisema ni mimi. Nilisema mimi na baba. Nikawaambia kimoja bado kiko kule chini, njooni mkione. Nilitangulia mbele yao. Nilikuwa nakimbia kwa furaha, ili baba asikie mwenyewe wanavyotusifu.

Baba alipoinua kichwa aliniona mimi kwanza. Alitabasamu. Kisha akawaona walio nyuma yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Urbano, angalia moto." Wakamtembeza mpaka barabarani kwenye lori lililokuwa limejaa. Sikumwona tena, wala hakuna aliyewahi kuniambia alipoishia. Moto niliuangalia mpaka ukazima.

Jioni majirani walisema kesho alfajiri tunaondoka. Lucia alikuwa amekaa barabarani anamngoja baba. Nilimvuta akaniuma mkono, kovu ninalo. Alisema hatoki bila baba, hata wote wakiondoka. Kwa hiyo nikachimba, nikazika vile viwili, nikarundika udongo juu. Nikamleta, nikamwambia baba amekufa ghafla kazini na mimi nimemzika, huyu hapa. Akaupiga ule udongo kwa viganja, kisha akanyanyuka akanipa mkono. Tukatembea.

Mtu anayesema uongo ili mtoto atembee hajui kama utatembea miaka hamsini. Niliporudi hapa mwaka elfu mbili na nane nilitaka kumwambia. Kila mwaka nilitaka. Lakini nikisema hayupo hapa, ataniuliza yuko wapi, na nikisema alichukuliwa, ataniuliza nani aliwaonyesha njia.

Usimwambie. Si kazi yako. Nimetafuta gari, nitapata Jumatatu ya tarehe thelathini na moja, nakuja Muyinga na kile cha kulia mkononi. Nitavisimamisha vyote viwili mbele yake na nitamwambia kwa kinywa changu. Akitaka kunitemea mate, anayo haki. Nilindie pumzi yake mpaka Jumatatu.

Urbano


Muyinga, 29 Julai 2023, baada ya swala ya alfajiri

Mjomba,

Mama Melania nimempigia, atakuwa ameshakuambia kwa ishara. Mama ametutoka jana alasiri. Inna lillahi. Alikuwa ameegemea mito, kinara kiko mapajani. Aliniambia, "Sasa imenyamaza." Nikamuuliza nini. Akasema nyundo. Basi.

Yaliyobaki hayawezi kupita kwenye simu ya mtu, ndiyo maana nakuandikia. Eliud anaondoka sasa hivi na lita za mwisho alizonazo, amenihakikishia atakukabidhi mkononi, hatoiacha Mutoyi.

Barua yako nimeipata leo, dakika chache zilizopita, ilikuwa ndani ya gari lake tangu Jumatano likisubiri mafuta. Nimeisoma nikiwa nimesimama kando ya mama. Najua tu kwamba nikiwa na miaka kumi na miwili, mtu akinisifia kazi yangu ya kwanza, hata mimi ningetangulia mbele yake mbio. Mwiko ulisema umeutunga. Umetimia hata hivyo, nami ndiye niliyechimba. Hilo tutalizungumza siku nyingine, au tusilizungumze.

Juzi aliwaita ndugu za baba, na imamu, na Shakila, akausia mbele yao wote. Alazwe Bugendana, ubavuni mwa baba yake. Ndugu hao na imamu walibisha, wakasema makaburi ya Waislamu yako hapa hapa, umbali wote huo wa nini. Akawaambia, "Abu amemwona. Muulizeni." Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo mara ya pili, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo tunakuja. Tumepata gari na mafuta. Tunaondoka saa mbili, kupitia Karuzi, tutafika adhuhuri tuswalie huko. Tuko wanaume kumi na wawili, na wamebeba majembe yao. Kwetu kaburi lina mwanandani, shimo la pembeni linalochimbwa ubavuni upande wa kibla. Pale mlimani kibla ni upande huo huo tuliomwambia kila mtu kwamba babu amelala. Wakichimba wao, wataingia kwake moja kwa moja, na watakuta nilichokuta.

Usichimbe pembeni. Mlaze mama pale pale katikati, mahali palipokuwa pa baba yake. Alipapenda miaka hamsini na moja, naona ni pake kuliko pa mtu yeyote. Kando yake panga mawe, urefu wa mtu, upande wa kibla lakini mbali kidogo mwanandani isiyafikie. Hayo ndiyo yatakuwa babu. Kisimamishe pale kile cha kulia, wakione. Hiki cha kushoto nakileta, maana sisi haturuhusiwi kumzika mtu na kitu. Utakishika mwenyewe, ni kazi ya mkono wako.

Wakifika wakute kazi imeisha. Wakikuuliza umewezaje peke yako na udongo wa kiangazi na umri huo, waambie alikuwa dada yako.

Usinijibu barua hii, ichome. Anza kuchimba sasa, mjomba. Juu udongo ni laini mpaka kifuani, nimeshakulainishia.

Abubakari